Sampuli Isiyo na Jina

1

Subilaga Mwambene alihesabu mapipa tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, na katika mapipa elfu arobaini hakukuta hata moja la asili.

Hayakuwa mapipa ya kuonekana kwa macho. Zilikuwa protini, ndogo kiasi kwamba hata ile darubini ya elektroni iliyojaza chumba kizima katika Taasisi ya Ngosi ilizionyesha kama vumbi la kijivu juu ya barafu. Ndani ya seli za mwili mna mitokondria, majiko madogo yanayogeuza chakula kuwa nguvu. Protini huingia humo zikiwa zimenyooka kama uzi, na uzi huo haufai kitu mpaka ukunjwe ukakunjika. Kazi hiyo ina walezi wake, nao ni protini vilevile: vipande saba vilivyosimama duara kama mbao za pipa, na kifuniko juu. Protini changa inaingia, kifuniko kinafungwa, inajikunja humo bila kubughudhiwa, kisha kifuniko kinafunguka inatoka imekomaa. Subilaga aliyasoma hayo mwaka wa kwanza wa chuo. Sasa alikuwa mwaka wa nne wa uzamivu, na tasnifu yake nzima ilihusu kifuniko tu.

Alidhani amekosea. Akatoa kiwavu kingine cha shaba chenye sampuli ile ile, kidogo kuliko ukucha wa mtoto, akaingiza mkono wenye glavu nene katika moshi baridi wa naitrojeni, akapima upya. Majibu yakawa yale yale. Kila pipa lilikuwa na kijipembe juu ya kifuniko chake.

Kijipembe hicho kiliwekwa na watu, makusudi, ili Mlezi aliyebuniwa maabara asichanganywe na walezi ambao binadamu huzaliwa nao. Mtu aliyetoa kipande kile cha msuli alipaswa kuwa na aina zote mbili: wale wa kuzaliwa, dhaifu lakini wapo, na yule aliyetiwa kwa matone ya puani kila mwezi kwa miaka kumi na sita. Walezi wa kuzaliwa walikuwa wametoweka kabisa.

Katika daftari la maabara sampuli ile ilikuwa na herufi na namba, S-9, basi. Aliyejua jina lake ni Subilaga peke yake, kwa maana ndiye aliyeikata, Jumapili moja, katika chumba cha tiba cha taasisi ambacho siku hiyo hakikuwa na mtu, kutoka katika shavu la mguu wa mdogo wake. Kibali hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni ahadi aliyoitoa kabla ya kushika sindano.

2

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mgeni? Kaa."

Profesa Kokugonza Rutashobya alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kile kijipembe alikichora yeye kwa mkono wake, kwa penseli, kabla Subilaga hajaanza darasa la tano. Watu wa Nyanda za Juu walimwita Mama Matone. Watoto kumi na mmoja waliokuwa wakinyong'onyea kwa kasoro za walezi wao walitiwa matone yake wakasimama, wakatembea, wakakimbia. Tangu hapo maelfu ya wagonjwa walifuata.

Aliitazama picha ambayo Subilaga alimfungulia kwenye kompyuta, akasogeza kiti karibu na kioo, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge chake, akaivaa tena.

"Umerudia?"

"Mara tatu."

"Jeni za walezi wa asili zimekatika?"

"Hazijakatika, Profesa. Zipo zote, ila zimefungwa. Nimezisoma juzi na jana. Ni ile kengele."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Kila mitokondria ina namna ya kupiga kelele. Protini zikijikunja vibaya na kuanza kurundikana, habari hupelekwa kwenye kiini cha seli, na kiini huamuru walezi zaidi watengenezwe. Mlezi wa Profesa Kokugonza alifanya kazi vizuri mno. Hakuacha takataka hata chembe. Kengele ikakaa miaka kumi na sita bila kulia, na mwili, ambao haupendi kutunza kisichotumika, ukaifunga pamoja na walezi wote waliokuwa wakiitika mlio wake.

"Kwa mgonjwa hilo si kitu," Profesa alisema taratibu, kama anayejisomea. "Walezi wake walikuwa nusu wafu tangu mwanzo. Angekuwa kaburini."

"Ndiyo, Profesa."

"Lakini mtoto mzima..."

"Mtoto mzima tutamfanya mgonjwa."

Wote wawili walitazama ukutani, ingawa hawakukusudia. Lilibandikwa pale bango lililoenea kila zahanati kuanzia Makete hadi Ileje: kitoto kinacheka, na maneno MTOTO ASIYECHOKA. Siku tisa baadaye Baraza la Afya la Nyanda za Juu lingepiga kura matone yatiwe kila mtoto anayezaliwa, mgonjwa na mzima, ili awe na msuli wa kulima, mapafu ya kupanda milima, na akili isiyosinzia darasani. Watoto elfu tisini kwa mwaka.

"Ni nani?" Profesa aliuliza.

Subilaga aliizima picha kwenye kioo.

"Sikuulizi kwa umbea. Baraza halipokei picha isiyo na mwenyewe. Wakaguzi lazima waweze kumfikia, wakate tena, wahesabu tena. Kanuni hiyo niliiandika mimi, enzi zile watu walipokuwa wakituletea takwimu walizopika."

"Jina haliwezi kufichwa?"

"Wale wa kwanza kila mmoja ana kasoro yake, ya ukoo wake, haipatikani pengine. Nikifungua faili la jeni nikasoma herufi mbili tu, nitamjua. Na mkaguzi atamjua." Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kibao cha kompyuta.

"Basi usifungue, Profesa. Tafadhali."

Mama yule mzee akaondoa mkono, akauweka mapajani na kuufunika kwa mkono wa pili, kana kwamba usingeweza kuaminiwa peke yake.

"Wale wengine kumi wametawanyika," alisema. "Kupata kibali cha kukata msuli wa mtu ni miezi mitatu, ukiwa na bahati. Siku tisa hazitoshi. Kamwombe huyo uliyenaye. Mwambie litakaloanguka ni jina langu, si lake. Na mimi nataka lianguke mapema."

3

Kituo cha maputo kilikuwa Isongole, kwenye uwanda ambao upepo wake haukosi. Maputo ya mizigo yalipanda kutoka hapo kwenda uwanda wa Kitulo kuchukua maziwa na viazi, yakashuka Mbeya mjini bila kugusa barabara. Kila puto lilikuwa na rubani mmoja. Atupele Mwambene, miaka ishirini na mitano, alirusha puto namba nne, na siku hiyo alikuwa akikagua kamba za nanga huku anakula hindi la kuchoma.

"Dada Subi! Umekuja kunipa lifti au kuomba lifti?"

"Nimekuja kuongea."

Atupele akaacha kutafuna. Alimjua dada yake.

Miezi miwili nyuma ukungu ulimkwamisha Kitulo siku tatu kupita tarehe ya matone yake. Siku ya tatu miguu ilimkataa. Alilishusha puto akiwa amekaa, akawaambia watu wa kituo kwamba ameteguka, na Jumapili iliyofuata akamwendea dada yake. Nataka kujua kuna nini, alisema, lakini tunajua wawili tu, mimi na wewe. Subilaga akamjibu kwamba siri hiyo ameimeza.

Sasa alimweleza yote, wakiwa wamesimama chini ya tumbo la lile puto, wakisogea kila kivuli kiliposogea. Alieleza kuhusu mapipa, kengele na kura. Atupele alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo mimi siumwi. Ila nikikosa matone ninakufa."

"Si mara moja."

"Nimekuuliza, dada."

"Ndiyo. Wiki tano. Labda sita."

"Na kabla, sikuwa hivyo?"

"Kabla ungeishi kwa shida, lakini ungeishi miaka kadhaa. Sasa walezi wako hawapo kabisa."

Atupele akatupa gunzi la hindi kwenye nyasi. "Unajua kanuni ya anga inasemaje? Mtu ambaye uhai wake uko mikononi mwa dawa moja haruhusiwi kurusha chombo peke yake. Kwenye makaratasi sisi tunaitwa waliopona. Ndiyo maana nina leseni. Ukinipeleka mbele ya Baraza mimi si tena aliyepona."

"Kuna watoto elfu tisini kila mwaka, Atu."

"Usinihesabie watoto." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimuumiza Subilaga zaidi kuliko kama angepiga kelele. "Mama alinibeba mgongoni mpaka nina miaka tisa. Miaka tisa! Nilikuwa nikiona visogo vya watu tu. Leo ndiyo mimi niwabebe watoto wa nchi nzima mgongoni kwangu? Huko juu hakuna anayenibeba, dada. Ni mahali pekee."

Kengele ya kituo ililia. Puto namba nne lilikuwa na zamu.

"Uliniambia umeimeza," Atupele alisema. "Usiiteme."

Tangu nyumbani Subilaga alikuwa amepanga maneno. Alikuwa na maneno juu ya haki ya mtoto asiyeweza kukataa, na mengine juu ya Profesa aliyekuwa tayari kuivunja heshima yake ya miaka hamsini. Alimtazama mdogo wake anavyofungua kamba, mikono imara, ya haraka, na maneno yote yakamkauka.

"Sawa," alisema.

Puto likapanda. Alisimama pale hadi likawa dogo kama punje ya ulezi, halafu akarudi taasisi kwa miguu, na siku nane zilizobakia hakwenda tena Isongole.

4

Ukumbi wa Baraza ulijaa. Wazazi walikuja na watoto wachanga, wengine wamevaa fulana zenye lile bango. Mwenyekiti, Bwana Ngailo, alikuwa mtu wa adabu na saa. Aliwapa wasemaji dakika saba kila mmoja.

Profesa Kokugonza alisema kwanza. Alisema Mlezi ni kazi ya mikono yake, na kwamba kwa mgonjwa angemtia hata leo, hata mjukuu wake, lakini kwa mtoto mzima anaomba wasubiri. Watu walinong'onezana. Mama Matone mwenyewe?

"Profesa, tukuheshimu vipi?" Bwana Ngailo aliuliza. "Mwezi Machi ulituletea kitabu kizima kinachosema ni salama."

"Kitabu kilipima miaka mitano. Haya yanaonekana baada ya miaka kumi na zaidi."

"Ushahidi?"

"Anao mwanafunzi wangu."

Subilaga akasimama. Mkobani alikuwa na kijikadi cha kumbukumbu, chembamba kama punje ya boga, chenye picha zote, hesabu zote, jeni zote. Alieleza alichokiona. Alieleza vizuri, alikuwa mwalimu mzuri. Alipomaliza, Mwenyekiti akasema, "Uweke mezani basi."

"Siwezi, Bwana Mwenyekiti."

"Huwezi kwa kuwa haupo?"

"Upo. Siwezi kwa kuwa mwenye mwili amenikataza. Ukiwekwa mezani atajulikana. Ninachoweza kuwapa ni njia ya kupima, imeandikwa hatua kwa hatua. Watafuteni wale wa kwanza, muwaombe ridhaa, mpime wenyewe. Miezi mitatu."

Kicheko kikazuka nyuma. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba hata yeye nyumbani ana simba, ila simba amekataa kupigwa picha. Ukumbi ukacheka zaidi.

Mjumbe mmoja, mkunga mstaafu aitwaye Bi. Nsekela, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema kitu, alivuta kipaza sauti.

"Binti, huyo mwenye mwili yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Ukilileta jina lake hapa, wewe unapata nini?"

"Ninapata shahada yangu."

"Na usipolileta?"

"Sidhani kama nitaipata."

Bi. Nsekela akawageukia wenzake. "Mimi nimezalisha watoto miaka arobaini. Nimedanganywa na watu wa kila aina. Mwongo hakosi karatasi. Huyu ana kitu."

Walijadiliana kwa saa nzima. Mwishowe Bwana Ngailo alisoma uamuzi: kura inaahirishwa miezi mitatu, njia ya mwanafunzi itumike kuwapima watu wa kwanza watakaoridhia. Profesa Kokugonza alishusha pumzi. Kisha Mwenyekiti akageuza ukurasa.

"Isipokuwa kituo kimoja cha uzazi, kule bondeni kwenye mpunga. Matone yamekwishafika, wahudumu wamefunzwa, kina mama wameahidiwa. Baraza haliwezi kuwavunja moyo kwa ushahidi ambao halijauona. Kituo hicho kitaendelea."

Mkono wa Subilaga uliingia mkobani wenyewe. Vidole vikakigusa kijikadi. Ilikuwa hatua kumi na mbili kufika mezani; baadaye alirudi ukumbini siku nyingine, akiwa peke yake, akazihesabu. Alifikiri juu ya wanawake wa bondeni waliokuwa usiku na mchana wakihesabu wiki zao. Alifikiri juu ya visogo vya watu, mtoto wa miaka tisa asiyeona kingine.

Mkono ukatoka mtupu.

5

Katika wale kumi, saba walipatikana na kuridhia. Wote saba mapipa yao yalikuwa na pembe, yote, bila hata moja la asili. Hapakubakia la kubishania. Baraza lilifuta mpango wa watoto wazima kwa kauli moja, mabango yakabanduliwa, na gazeti moja likamwandika Subilaga kuwa ni msomi aliyewashinda wakubwa. Hakulisoma mpaka mwisho.

Kule bondeni, katika miezi ile mitatu, walizaliwa watoto mia moja na saba. Waliotiwa tone mara moja au mara mbili, kengele zao zilianza kulia tena ndani ya wiki chache baada ya kuachishwa. Waliotiwa mara tatu, tangu siku ya kwanza ya uhai wao, kengele zao hazikulia. Miili yao ilikuwa imejifunza mapema mno kwamba yupo mtu wa kuwafanyia kazi. Hao walikuwa thelathini na mmoja. Wangehitaji matone kila mwezi, maisha yao yote, au mpaka mtu agundue namna ya kuzifungua zile jeni.

Atupele hakupelekwa mbele ya Baraza. Hakukuwa na haja. Matokeo ya wale saba yalitosha. Wote kumi na mmoja walihesabiwa si tena waliopona, na kila mtumia matone aliyekuwa na leseni ya urubani akasitishiwa. Alikuja taasisi siku mbili baada ya kupata barua. Alikuwa bado amevaa koti la urubani. Alikaa kwenye kiti cha Profesa bila kuombwa.

"Thelathini na mmoja," alisema. "Nimesikia redioni."

"Ndiyo."

"Na leseni wamechukua vilevile."

"Najua, Atu. Pole."

"Sijaja kwa ajili ya pole." Alikuwa akizungusha kiti, kidogo kulia, kidogo kushoto. "Nataka uniambie kitu kimoja. Kwa nini uliniuliza mara moja tu?"

Subilaga hakuelewa. "Ulikataa."

"Nilikataa! Puto linaningoja, nina hindi mkononi, umenijia na kifo changu kwenye mfuko wa koti. Ulitaka niseme nini? Mtu akiambiwa kitu kama kile hujibu nini siku ya kwanza? Kulikuwa na siku nane, dada. Isongole si Ulaya. Ungekuja kesho yake ningekufukuza. Ungekuja keshokutwa ningelia. Siku ya nne, ya tano... Sijui. Pengine ningekataa mpaka mwisho. Lakini sasa sitajua kamwe, maana hukuja."

"Niliheshimu neno lako."

"Uliheshimu?" Atupele alimtazama usoni. "Au uliogopa kwamba nitakubali? Kwamba nikikubali, wewe ndiye utakayekuwa umeniteremsha?"

Subilaga alitaka kukanusha. Badala yake alirudi kwa akili yake Isongole, akajiona amesimama chini ya lile puto, akatafuta ndani ya ile "sawa" yake ni kiasi gani kilikuwa heshima na kiasi gani kilikuwa ahueni. Hakuweza kuvitenganisha.

"Sijui," alisema.

"Basi." Atupele akasimama. Hasira ilikuwa imemwisha, au alikuwa ameiweka mahali. "Wenzangu waliosimamishwa wanaandika barua. Tunaomba turuhusiwe kurusha tukiwa wawili wawili. Nimewaambia dada yangu anajua kuandika. Utatusaidia?"

"Nitawasaidia."

"Kesho, basi. Na safari hii ukiniona nimenuna, rudi."

6

Profesa Kokugonza alimwambia asijitambulishe kule bondeni. Nenda kama mtafiti, alisema, tia matone, chukua damu, rudi. Watu wakiumia hutafuta uso wa kuubandika maumivu yao, na wewe bado kijana. Yeye mwenyewe alikuwa amejiuzulu, jina lake limeanguka kama alivyotaka, na alikuwa akifanya kazi zaidi kuliko zamani, kwenye meza ndogo pembeni mwa maabara, akitafuta ufunguo wa zile jeni.

Kila mwezi Subilaga alishuka bondeni na kisanduku cha baridi. Nyumba ya kumi na tisa ilikuwa ya Tumpe, mwanamke wa umri wa Atupele, mwenye mtoto aitwaye Lugano. Mtoto alikuwa na miezi saba, mnene, mchangamfu, anayekamata kila kitu. Hakuna ambaye angemwangalia akasema ana tatizo.

Tumpe alimpakata, akamfuta pua, lakini hakumwinamisha kichwa kama ilivyo desturi. Alikishika kikabaki wima.

"Kabla hujamtia," alisema. "Watu wa hapa wanasema kuna mtu aliyejua. Kabla watoto hawa hawajazaliwa. Kwamba alisimama mbele ya wakubwa akiwa na ushahidi kwenye mkoba, na hakuutoa. Ni kweli?"

Kitone kilikuwa kimekwisha kujitunga kwenye ncha ya kichupa. Subilaga alikirudisha kichupa ndani ya kisanduku, asije akakimwaga.

"Ni kweli," alisema. "Ni mimi."

Tumpe hakupiga ukelele. Alimtazama kuanzia viatu, vilivyojaa tope la majaruba, mpaka juu.

"Ulikuwa na sababu?"

"Nilikuwa nayo. Kuna mtu nilimwahidi."

"Ilikuwa sababu nzuri?"

Subilaga alifikiri. Alikuwa ameulizwa swali hilo na waandishi wa habari, na kamati ya chuo iliyokuwa bado haijaamua kuhusu shahada yake, na wote aliwajibu kisomi.

"Siku nyingine naona ndiyo," alisema. "Nikiwa hapa kwako, naona hapana."

Nje kuku alikuwa akichakura. Lugano alikuwa ameshika kidole cha mama yake, anakivuta kuelekea mdomoni. Tumpe alimwacha akitafune kidogo, kisha akakitoa, akamwinamisha mtoto kichwa nyuma, polepole, mkono mmoja chini ya kisogo.

"Haya, mtie."

Subilaga akatia. Tundu moja, halafu la pili. Mtoto akapiga chafya, akakunja uso, akasahau.

"Mwezi ujao uje wewe," Tumpe alisema. "Na mwezi ule mwingine. Usiniletee mwanafunzi wako, usiniletee nesi. Sitaki kuona sura nyingine mlangoni kwangu mpaka huyu aote ndevu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama Lugano."

"Hata ukiwa mkubwa huko kwenu."

"Hata nikiwa mkubwa."

Tumpe hakutabasamu. Aliinuka, akamweka mtoto kwenye mapaja ya Subilaga, akaenda jikoni kuepua ndizi zilizokuwa zikikaribia kuungua.